Ndege ya Nyambizi, Watu Watano

Alhamisi, 12 Juni 2025

Mwera, upepo wetu wa kusini, umeamka saa nne asubuhi na mpaka sasa haujatulia. Akina mama wamezoa usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye vichanja mbio mbio, nusu bado mbichi. Baada ya hapo hakuna mtumbwi uliotoka.

Boti ya Mzee Xavery ilishatoka. Alfajiri. Watu watano: nahodha Meshack, vibarua watatu, na Protasi, mtoto wa Mzee mwenyewe, fundi wa injini. Kwangu, ofisi ya uvuvi, waliandikisha Liuli kwenda Mbamba Bay, magunia ya mahindi, kurudi kesho. Mwendo wa saa mbili. Tatu ukiwa mzembe.

Saa nane nimepiga simu Mbamba Bay. Hawajafika. Saa kumi — hawajafika. Saa kumi na mbili sikupiga mimi, walipiga wao.

Lidia, mke wa Meshack, alikuja ofisini akasimama mlangoni. Hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba upepo wa mwaka huu una haraka. Nikamwambia watakuwa wamejibanza mahali, kwenye ghuba yoyote, wanasubiri utulie. Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kusimama.

Mimi ni mtu wa Kyela, nimekulia kwenye ziwa hili hili upande wa juu. Mwera naujua.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Hakuna.

Wilfred, mwenyekiti wa kikundi cha ufukwe, ambaye mdogo wake ni mmoja wa wale vibarua, ametembea kwa miguu kusini na vijana wake wa doria, mwamba kwa mwamba, ghuba kwa ghuba. Wa Mbamba Bay wakaja kwa pikipiki wakakutana naye katikati. Hakuna boti. Hakuna gunia. Hakuna hata ubao.

Mzee Xavery amefika saa sita kutoka Kigonsera, gari lake limejaa vumbi la kahawa. Ameacha mavuno. Shikamoo Mzee. Marahaba mwanangu. Akavua kofia, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyekuja kuomba leseni. Nikamuuliza: Mzee, una hakika walikwenda Mbamba Bay? Akanitazama. “Bibi Samaki,” akasema, “mwanangu yumo mle. Unadhani ningekuficha?”

Nikaona aibu kwa kuuliza.

Ofisi ya wilaya wamenitaka fomu ya ukaguzi wa boti. Nimeipiga picha nimeituma. Na hapa niandike ninachokijua, maana hakuna pengine pa kuandika: fomu inasema jaketi okozi tano. Jumatatu nilipokagua nilihesabu mbili. Mzee alisema tatu ziko nyumbani, ataleta kesho yake, kwani mimi na yeye tumejuana leo? Nikaandika tano. Nikatia saini. Siku ya pili sikwenda kuangalia.

Tano. Mkono wangu huu.

Jioni simu kutoka wilayani. Kesho itakuja ndege! Sikuamini. Kuna ndege ya wageni iko Mtwara kwa mazoezi na jeshi letu, ndege ya doria ya baharini, na ilikuwa imepangiwa kupita ziwani siku tatu kujifunza kutafuta. Sasa itatafuta kweli. Kuna afisa wa jeshi anakuja kwa barabara na redio ya kuzungumza nayo. Nimpokee.

Nikamwambia Lidia. Akauliza, ndege inaweza kuona mtu majini? Nikasema inaweza. Sijui kama inaweza.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Afisa ni mwanamke! Luteni Jacqueline, mtu wa Tanga, mwembamba, sauti nzito. Amesafiri tangu jana, Songea, Mbinga, makorongo yote yale ya kushukia ziwani, na hakuomba hata kupumzika. Ameomba meza, chaja na ramani. Redio yake ina mlingoti mrefu, tumeufunga kwenye nguzo ya baraza.

Saa tatu na robo tukaisikia kabla ya kuiona. Si mlio wa ndege za kule juu. Mlio wa chini, mzito, wa pangaboi nne. Ikatokea juu ya milima kutoka mashariki, ikashuka — ikashuka mno! Kijivu tupu, haina madirisha kama ya abiria, nyuma ina mkia uliochongoka kama mwiba. Ilipopita juu ya ufukwe niliona kioo kimevimba ubavuni na nyuma yake uso wa mtu. Mtu anatazama chini.

Watu wakakimbia. Sikulaumu mtu. Wengine wakaingia kanisani, wengine mihogoni.

Luteni amenieleza kwa kifupi. Ndege hii imeundwa kuwinda nyambizi — meli za chini ya maji. Ule mwiba wa nyuma unanusa chuma kilichojificha baharini. Ina rada inayoweza kuona bomba lililochomoza juu ya mawimbi, lisilofika urefu wa mkono. Inaweza kukaa angani toka asubuhi mpaka jioni. Ndani wako watu kumi na mmoja, na wanapokezana kutazama kwa macho kila nusu saa kwa sababu jicho la mtu likichoka linaona maji tu.

Nikasema basi boti ya mbao wataiona haraka. Akasema: mbao ndiyo shida. Rada inapenda chuma. Mbao iliyolowa, imelala sawa na maji, ni kama wimbi.

Akaanza kuniuliza, anaandika. Urefu wa boti? Mita tisa. Rangi? Bluu, juu nyeupe. Injini? Ya farasi arobaini. Mzigo? Mahindi. Jaketi okozi ngapi? Kwa sababu ni za rangi ya chungwa, alisema, ndizo jicho linazozitafuta, na pia wanataka kujua mtu anaweza kuelea kwa muda gani.

“Fomu inasema tano,” nikamwambia.

Hilo ndilo nililosema. Fomu inasema. Akaandika tano, akawaambia angani tano.

Walipita pwani yote Liuli mpaka Mbamba Bay na kurudi, mistari mistari kama mtu anayelima. Mchana walidondosha boya lenye mwavuli mdogo, la kupima maji yanakwenda wapi. Saa tisa Luteni akaniita kwenye ramani. Boya limekimbia kaskazini na kukaribia ufukwe. Akasema, akiwa hajanitazama: “Afisa, kama boti ilizama kwenye njia hii mnayosema, kwa upepo huu, kitu kingekuwa kimetupwa pwani. Gunia. Dumu. Chochote. Siku tatu sasa.”

Nikafuata mstari wa pwani kwa kidole.

“Au njia si hii,” akasema.

Wilfred anasema wavuvi wametishika, hakuna anayetaka kutoa mtumbwi kusaidia hata upepo ukipungua. Maneno yameenea kuwa ndege inapima mafuta chini ya ziwa, au kuna vita na nchi ya ng'ambo ya ziwa. Nimekwenda kuongea nao mimi mwenyewe. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa: vita havijawahi kutangazwa kwa mwenye mtumbwi, huviona tu vimefika.

Jumapili, 15 Juni 2025

Leo nitaandika yote.

Kanisani walisoma majina matano. Askofu hayupo, padri kijana ndiye aliyeongoza, akalirudia jina la Meshack kwa sababu Meshack humpigia ngoma ya kwaya. Ndege ilipita juu katikati ya sala. Hakuna aliyekimbia safari hii. Watu waliinua nyuso kwenye bati kama wanaweza kuona.

Nilipotoka Lidia alinishika kiwiko. Akanipeleka nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji. Akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu:

“Dada, hawakwenda Mbamba Bay.”

Ndiyo mara ya kwanza kuniita dada.

Walikwenda ng'ambo. Mbolea — mifuko ya ruzuku iliyobaki msimu uliopita, Mzee ameikusanya huko juu kwa wakulima wenzake, na ng'ambo wakati huu wanalima bustani za mabondeni, wanaitaka. Ni safari ya tatu. Meshack alimwambia mkewe usiku wa kuamkia Alhamisi kwamba hii ndiyo ya mwisho. Walipanga kukata kusini-magharibi, katikati kabisa ya ziwa. Huko ndiko Mwera uliwakuta.

Nikamuuliza kwa nini hukusema Alhamisi? Ulikuwa umesimama mlangoni kwangu!

Akalia. Akasema Mzee alimpigia simu siku ile ile mchana. Alimwambia akisema, Meshack akirudi atakwenda jela, na boti itataifishwa, na watoto watakula nini. Akamwambia wameshafika, wamejificha tu kwa wateja, watarudi upepo ukilala. “Nikamwamini,” alisema. “Nilitaka kumwamini. Sasa siku ya nne, dada. Meshack hawezi kukaa siku nne bila kunipigia, hata kwa simu ya kuazima.”

Siku nne! Na ndege inalima pwani isiyo na kitu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Xavery. Alikuwa amekaa kwenye gari lake ufukweni, mlango wazi, rozari mkononi. Nikamwambia ninajua. Hakukana. Nilidhani atakana! Alisema polepole, kama anamfundisha mtoto:

“Wamefika. Protasi ni fundi, injini ile ameifungua na kuifunga mara kumi. Wamefika Alhamisi mchana. Halafu wakasikia ndege ya jeshi. Wewe ungetoka? Kila siku mnayoizungusha hiyo ndege mnawafungia ndani. Iondoeni, kesho watakuwa hapa.”

“Mzee, ndege ilikuja Jumamosi. Ijumaa nzima hawakusikia ndege.”

Akaizungusha rozari kidoleni. Kisha akasema neno jingine, na sauti ilikuwa nyingine. Akasema: “Utaandika taarifa. Sawa. Na jaketi utaandika? Ulitia saini tano. Mimi na wewe tulikuwa wawili tu pale.”

Niliondoka nikiwa natembea vibaya mchangani.

Nilirudi ofisini. Luteni alikuwa na vipokea sauti masikioni, ndege ilikuwa imebakiza saa moja. Nilikaa mbele yake nikaweka mikono mezani. Nilitaka kuanza na mbolea. Nikaanza na jaketi. Nikasema zilikuwa mbili. Nilihesabu mbili nikaandika tano. Jana ulipouliza nikakujibu maneno ya fomu.

Luteni akavua vipokea sauti.

“Mengine?” akasema.

Nikamwambia mengine.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua ramani, akaniambia nichore njia. Nikachora kutoka Liuli kwenda kusini-magharibi, nikahesabu: walitoka saa kumi na moja alfajiri, upepo umeamka saa nne, saa tano za mwendo na mzigo mzito — walikuwa wameshapita katikati. Akauliza, Mwera unasukuma wapi? Kaskazini, nikasema, na magharibi kidogo. Siku nne. Nikaweka kidole mbali sana juu, kwenye maji ambayo hakuna mtu aliyeyatazama.

Kidole changu kilikuwa ng'ambo ya mstari wa katikati.

“Hapo ndege haiwezi kwenda,” alisema Luteni. “Si kwa sababu ya mafuta. Ndege ya kijeshi, tena ya kigeni, kuvuka pale bila kuomba — hapana. Lazima wakubwa waongee na wakubwa wa kule. Na hawataongea kwa maneno ya nyuma ya kanisa. Nataka taarifa. Jina lako, cheo chako, saini.”

Nikauliza zimebaki siku ngapi. Akasema ratiba ilikuwa siku tatu. Leo ya pili.

Nimeandika kurasa mbili. Mbolea, njia, saa, jina la Mzee Xavery, jina langu, jaketi mbili. Nimetia saini. Wameituma kwa simu saa kumi na moja jioni.

Nilipomaliza nilimpigia mama Kyela. Nikamwambia nimefanya kosa kazini. Akauliza kubwa? Nikasema kubwa. Akauliza mtu amekufa? Nikasema sijui, mama. Sijui.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Tunasubiri ruhusa.

Ndege ilikuja saa tatu, ikaenda mpaka kwenye mstari na kurudi, mpaka kwenye mstari na kurudi. Luteni anasema rubani ameomba mara tatu. Akasema huko ndani wamepata moyo juu ya kitu kimoja: maji ya ziwa hili yananyweka. Baharini siku ya tano huwa wanatafuta maiti, lakini hapa mtu ana maji ya kunywa mpaka shingoni. Alisema hivyo kwa Lidia. Lidia akacheka kidogo, halafu akafunika uso kwa kanga.

Mkuu wangu alipiga saa tano. Amesoma taarifa. Maneno yake machache: baada ya zoezi hili nifike Mbamba Bay na daftari zote za ukaguzi, na nisizungumze na mtu. Nikasema ndiyo bosi. Sina hamu ya kuzungumza.

Polisi wawili walikuja wakamhoji Mzee Xavery kwenye gari lake. Hawakumchukua. Walimwambia asiondoke Liuli. Aende wapi?

Saa tisa alasiri. Hakuna ruhusa.

Saa kumi. Ndege imegeuka kurudi Mtwara. Ilipita juu ya kijiji, ikainamisha bawa moja, sijui kwa makusudi au ilikuwa inakata kona. Ratiba imekwisha. Watu walisimama ufukweni wakaitazama mpaka ikapotea juu ya milima ya Mbinga.

Luteni hakuifungasha redio yake. Alikaa nayo. Nikamwambia, afande, safari njema basi. Akanijibu kwa ukali kwa mara ya kwanza: “Nani amekwambia nasafiri?”

Alitembea na simu ufukweni mpaka chaji ikaisha, akaazima yangu.

Jumanne, 17 Juni 2025

Imekuja! Saa mbili na dakika arobaini! Nilikuwa napiga mswaki nikatoka na povu mdomoni.

Luteni alikuwa ameshakaa. Akaninyooshea vidole viwili: mambo mawili — siku wameongezewa moja, na ruhusa imetoka. Mpaka saa tisa tu. Na boti ya doria ya ng'ambo imetoka bandarini kwao kusubiri maelekezo. Sijui aliongea na nani. Sikuuliza.

Ndege haikupita pwani hata kidogo. Ilikatiza juu yetu na kwenda zake magharibi, ikawa nukta, ikaisha. Tukabaki na redio.

Saa tatu na nusu. Wanatafuta.

Saa nne na robo. Rada imepata kitu, wameshuka, ni gogo.

Saa tano. Lidia amekuja kukaa ndani ya ofisi, sakafuni, mgongo ukutani. Nimempa kiti, amekataa.

Saa tano na nusu. Mzee Xavery amefika mlangoni. Nilisimama. Sikujua kama nimzuie. Kofia mkononi, ndevu nyeupe zimeota shavuni, amekuwa mdogo. Alimsalimia Luteni, akasema yeye ndiye mwenye boti. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyemuuliza: “Juu ya mbolea kuna turubai. La njano. Jipya. Nililinunua mimi. Waambie watafute njano.”

Luteni alikwisha bonyeza redio kabla hajamaliza. Njano, alisema, njano, wawaambie wote wa madirishani. Mimi nilikuwa nimewaambia bluu na nyeupe.

Mzee akakaa sakafuni pia. Mbali na Lidia, ukuta mwingine.

Saa sita na dakika ishirini. Hapo ndipo. Redio ilikwaruza, sauti ya mgeni, haraka, maneno mengi. Luteni akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akasikiliza. Akainua mkono tunyamaze ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

“Wameona turubai,” akasema. “Wanazunguka.”

Kisha:

“Boti imejaa maji. Inaelea. Kuna watu.”

Lidia alipiga kelele moja. Wilfred akaingia mbio kutoka nje, nyuma yake nusu ya kijiji wakajaza baraza.

“Mmoja anapunga mkono. Wanahesabu. Wanapita tena.”

Tulisikia mlio wa ndege kupitia redio, nyuma ya sauti ya yule mtu. Ajabu kusikia pangaboi zile zile zikiwa kilomita mia kutoka hapa.

“Wanne,” akasema Luteni. “Wanaona wanne.”

Akauliza tena. Nilimsikia akiuliza, hata mimi nilielewa: hakikisheni. Wakapita mara ya tatu, chini kabisa. Wanne.

Wanne. Walikwenda watano. Wenye jaketi wawili.

Wamedondosha boya kubwa la mpira la kupanda watu, lenye kujijaza hewa lenyewe, na chakula. Limeangukia karibu, wamelishika. Ndege inazunguka juu yao kuwaonyesha wale wa boti ya doria. Luteni anasema mpaka boti ifike ni saa mbili hivi, na ndege itakaa mpaka tone la mwisho, saa tisa au si saa tisa.

Saa nane na nusu. Boti ya doria imewafikia. Wanawapandisha.

Sasa majina. Sauti ya ng'ambo inampa rubani, rubani anampa Luteni, yanakuja yamevunjika vunjika. Bernadi. Mama yake alikuwa barazani, amelala kifudifudi mchangani, wanamwinua. Kisha Ambokile, mtu wa kwetu kule Kyela, nilimwandikia leseni mwaka jana. Kisha yule mdogo wake Wilfred. Wilfred ametoka nje, amesimama anatazama ziwa na mikono kichwani.

Vibarua wote watatu.

Wa nne hasemi. Yu hai, anapumua, lakini hana fahamu, na wenzake wawili wamepoteza akili kwa baridi, wa tatu analia tu, zaidi ya kutaja majina yao wenyewe hawajaweza kusema huyu ni nani na nani alikwenda majini. Uso umevimba kwa jua. Mtu mzima, mwanaume. Hicho tu.

Basi ni Meshack au ni Protasi.

Nimeandika hiyo sentensi na wote wawili wako hapa, Lidia upande wa dirisha, Mzee upande wa mlango. Wamesimama sasa. Simu yangu inaita mezani, ni mkuu wangu, mara ya tatu sasa, siipokei.

Luteni amewauliza wa ng'ambo wamtazame vizuri. Wamejibu: tupeni alama. Kovu, jino, chochote, tutaangalia. Fanyeni haraka, redio ya ndege ndiyo inayounganisha, na ndege ina dakika kumi.

Luteni akageuka. Aliwatazama mmoja, akamtazama mwingine. Nadhani hakujua amwanzie nani. Mimi pia sikujua. Alama moja ikikubali, mwingine amekwisha sikia jibu lake.

Lidia akamwangalia Mzee. Sijui aliona nini. Akasema kwa sauti ndogo, “Baba, sema wewe. Wewe ni mzazi.”

Mzee Xavery akatikisa kichwa. Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, anaikunja. “Hapana,” akasema. “Mume wako hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyempeleka. Uliza ya Meshack kwanza.”

Lidia amesema: mguu wa kulia, chini ya goti, alikatwa na wavu wa waya akiwa kijana, kovu linazunguka mguu wote.

Luteni amelirudia kwenye redio, polepole, mara mbili. Goti la kulia. Chini yake. Linazunguka.

Wamesema subirini, wanamfunua blanketi.